Kupanda Mlima Meru kwa Njia ya Momella: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu mwenye afya ya kawaida, asiye mpanda milima kwa kazi, anayefikiria kupanda Mlima Meru wa Tanzania kuanzia Lango la Momella hadi kwenye miamba ya kileleni. Baadhi ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi. Mengine, hasa yanayohusu idadi ya siku na usiku wa kilele, yamerefushwa kwa makusudi, kwa kuwa hapo ndipo safari nyingi huharibika.

Mlima Meru uko wapi, na una urefu gani?

Mlima huu uko kaskazini mwa Tanzania, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na jiji la Arusha limekaa chini ya miteremko yake ya kusini-magharibi. Kilele chake, kiitwacho Kilele cha Ujamaa, kiko mita 4,562 juu ya usawa wa bahari. Ramani za zamani huandika 4,565 au 4,566, tofauti ambayo miguu ya mpandaji haitaitambua. Ni mlima wa pili kwa urefu nchini baada ya Kilimanjaro, ulioko takriban kilomita 70 upande wa mashariki. Hifadhi yenyewe, iliyo chini ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania), ilianza mwaka 1960 ikiwa eneo dogo lililozunguka kreta, yaani shimo la volkeno, ya Ngurdoto, na mlima ukaongezwa mwaka 1967.

Je, huu ndio Meru wa Kenya?

Sio. Meru ya Kenya ni mji na kaunti iliyo kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Swali hili linastahili kujibiwa kwa sababu huwapata hata watu wanaotafuta usafiri na malazi, wakajikuta wameweka nafasi katika nchi nyingine.

Kuna njia ngapi za kupanda?

Njia inayoruhusiwa ni moja tu, ile inayoanzia Lango la Momella, upande wa mashariki wa mlima, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Mtu hatakiwi kujipandia kutoka vijiji vya upande wa magharibi au kusini, hata akiwa na mwenyeji wa kumwongoza. Siku ya kwanza, hata hivyo, njia hugawanyika matawi mawili kabla ya kukutana tena kwenye vibanda vya Miriakamba, vilivyo mita 2,514. Tawi fupi hupanda moja kwa moja na ni kali kidogo. Tawi refu huzunguka kusini, hupita chini ya mti mkubwa wa jamii ya mkuyu ambao mizizi yake imefanya tao pana kiasi cha gari kupita, kisha huingia ndani ya msitu mnene kabla ya kugusa sakafu ya kreta. Ushauri wangu ni kupanda kwa tawi refu na kushuka kwa lile fupi. Siku ya kwanza miguu ina nguvu na macho yana hamu, na siku ya mwisho mtu huwa hana hamu ya kitu chochote isipokuwa kuvua viatu.

Msitu wenyewe ukoje?

Safari haianzii msituni. Baada ya lango, njia huvuka mto Ngare Nanyuki na kutokea kwenye uwanda wa majani mafupi, ambako nyati na ngiri huchunga asubuhi na twiga hutazama kwa mbali. Ni baada ya hapo ndipo miti huanza kufunga anga. Sehemu ya chini ina miti mirefu ya majani mapana, na kadiri mtu anavyopanda hukutana na mitarakwa na podo, mingine ikiwa na umri mkubwa na vigogo visivyokumbatika kwa mikono ya watu wawili. Matawi ya juu yameninginiza nyuzi za rangi ya kijani-kijivu mithili ya ndevu, dalili kwamba ukungu hupita hapo karibu kila siku. Mbega weupe na weusi huruka kati ya matawi, na hondohondo husikika kabla hawajaonekana, kwa kuwa mabawa yao yana kishindo. Pongo na funo hujificha kwenye vichaka vya kando ya njia. Chui wapo pia, ingawa ni wachache waliowahi kumwona.

Juu ya Miriakamba miti hupungua kimo. Siku ya pili njia hupanda kwa ngazi nyingi za mbao na udongo, hupita mahali paitwapo Topela Mbogo na kisha Mgongo wa Tembo, ambako msitu hufunguka na kreta nzima huonekana kwa mara ya kwanza. Kuanzia hapo ni miti ya erika iliyopinda, nyasi za vishungi na maua magumu ya milimani, hadi kwenye vibanda vya Saddle, mita 3,570.

Wengi hudanganywa na msitu huu. Njia ni pana, kivuli ni kizuri, hewa bado ni nzito, na mwendo ni wa taratibu kwa sababu askari wa uhifadhi anayeongoza anataka kundi liwe pamoja. Kwa hiyo mtu hufika Saddle akiamini kwamba mlima ni rahisi kuliko alivyoambiwa. Mlima bado haujaanza.

Kwa nini tunaongozana na askari mwenye bunduki?

Kwa sababu ya nyati, na kwa kiasi fulani tembo. Meru si kama Kilimanjaro, ambako wanyama wakubwa wamebaki mbali na njia za wapandaji. Hapa nyati hulala mita chache kutoka njiani, na kinyesi chao kipo hadi karibu na Saddle. Askari wa uhifadhi hutembea mbele, na hakuna mtu anayeruhusiwa kumpita. Kundi linalochelewa humchelewesha kila mmoja, na hilo likubalike tangu mwanzo.

Wanaohofisha zaidi si kundi kubwa la nyati, ambalo kwa kawaida husikia watu na kujiondokea, bali dume mzee aliyetengwa na kundi, anayelala peke yake kwenye kichaka na kuchukia kushtuliwa. Askari akiinua mkono, simama ulipo, nyamaza, na ukae nyuma yake. Usikimbie. Usitoe simu kupiga picha kwa kumulika taa. Kwa kawaida askari atapiga makofi au kugonga mti, atasubiri, kisha atachagua njia ya kuzunguka, na yote hayo yanaweza kuchukua dakika 20 ambazo hazikuwamo katika ratiba.

Jambo dogo la kuongeza: siafu. Baada ya mvua hukatiza njia kwa safu ndefu, na anayesimama juu yao ili afunge kamba ya kiatu atavuliwa suruali mbele ya wageni. Soksi ndefu zilizovutwa juu ya suruali husaidia.

Nipande kwa siku tatu au nne?

Nne. Kama kuna jibu moja tu ambalo msomaji atalichukua kutoka hapa, basi liwe hili.

Ratiba zote mbili hufanana kwa siku mbili za mwanzo: siku ya kwanza Momella hadi Miriakamba, kwa saa nne hadi sita kutegemea tawi lililochaguliwa, na siku ya pili Miriakamba hadi Saddle, kwa saa tatu hadi tano. Tofauti iko baada ya kilele. Anayepanda kwa siku nne hushuka kutoka kileleni hadi Saddle, akapumzika kidogo na kula, akaendelea hadi Miriakamba na kulala huko, kisha akamalizia msitu asubuhi ya siku ya nne. Anayepanda kwa siku tatu hutoka kileleni hadi Momella siku ileile, yaani hushuka zaidi ya mita 3,000 baada ya kukesha usiku mzima akipanda karibu mita 1,000. Hesabu hiyo kwenye karatasi huonekana kama ushujaa. Kwenye magoti ni jambo jingine kabisa, na ajali nyingi ndogo za vifundo na magoti hutokea katika kushuka huko, mchana wa saa tisa, msituni, mahali ambapo kila mtu alidhani hatari imeshapita.

Wanaochagua siku tatu husema wanaokoa gharama ya siku moja. Ni kweli wanaokoa, na mtu mwenye mazoezi ya kutosha anaweza kufanya hivyo bila kuumia. Lakini kama ratiba yako inakubana, ni bora kusubiri mwezi ambao utaweza kupata siku nne kuliko kuubana mlima. Faida nyingine ya siku nne ni kwamba unaweza kupanga siku ya pili bila haraka, ukafika Saddle mapema mchana, ukala, kisha ukapanda Meru Ndogo, kilele cha pembeni chenye mita 3,820 hivi, kwa muda wa saa moja, na kurudi kulala chini yake. Kupanda juu na kulala chini ni njia iliyojaribiwa ya kuuzoesha mwili mwinuko.

Usiku wa kilele ukoje hasa?

Wapandaji huamshwa karibu na saa saba usiku, hunywa chai ya tangawizi au uji, na huondoka Saddle kati ya saa saba na saa nane. Sababu ya kuondoka usiku si mapambo ya mawio peke yake. Mchana mawingu hupanda kutoka msituni na kuufunika ukingo wa kreta, na mtu anayerudi kwenye ukungu mzito juu ya mwamba huweza kupoteza njia hata akiwa na mwongozaji mzuri. Usiku na alfajiri anga huwa wazi zaidi na upepo, mara nyingi, huwa na adabu.

Kipande cha kwanza ni mteremko mkali wa udongo na mizizi ya erika, na kwa saa moja hivi mtu hupanda akiangalia visigino vya aliye mbele yake. Kisha hutokea Rhino Point, na hapo kila kitu hubadilika: hakuna mti wala kichaka cha kukinga upepo, ni mwamba, majivu meusi na changarawe. Njia hushuka kidogo, jambo linalowaudhi wengi kwa kuwa kila mita inayoshukwa hapo itapandwa wakati wa kurudi, halafu hufuata ukingo wa kreta. Upande wa kushoto ni ukuta unaotumbukia ndani ya kreta, na upande wa kulia ni mteremko mrefu wa nje ya mlima, ambako taa za Arusha hujitokeza kadiri mtu anavyozunguka. Kuna mahali pa kupita kwenye bamba la mwamba lililoinama, na hapo mikono hutumika kama miguu. Usiku wa baridi kali umande huganda juu ya mwamba huo na kuwa barafu nyembamba isiyoonekana, kwa hiyo hatua huwekwa, hujaribiwa, ndipo uzito huhamishwa.

Baada ya hapo kuna mwendo mrefu wa majivu. Huu ndio unaovunja moyo, kwa kuwa kila hatua mbili za mbele hurudisha nusu hatua, na kilele huonekana karibu kwa muda mrefu bila kukaribia. Cobra Point, kwenye mita 4,350 hivi, ni mahali ambapo kundi hupumzika na baadhi hutapika. Saa ya mwisho ni mawe makubwa yaliyorundikana, ya kupanda kwa mikono na magoti, hadi kwenye bango na bendera ya Taifa.

Kwa kawaida safari ya kwenda huchukua saa tano hadi sita, na jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu, likitokea upande wa kushoto, nyuma ya Kilimanjaro. Chini ya ukuta, ndani ya kreta, koni ya majivu hutokea gizani polepole ikiwa na umbo kamili la mlima mdogo. Ukiwa umechelewa na jua likakukuta Cobra Point, usikasirike, kwa sababu mandhari ya hapo haipungui sana na mapafu yako yatakushukuru.

Mtu anayetaka kurudi arudi Rhino Point au kabla yake. Kuanzia hapo na kuendelea, kurudi peke yake ni marufuku, na kundi dogo lenye mwongozaji mmoja hulazimika kurudi lote. Ni vyema kujisemea ukweli mapema.

Je, kamba na vifaa vya kukwea vinahitajika?

Hapana. Kinachohitajika ni viatu vyenye soli inayoshika mwamba, mikono iliyo huru, na kutoogopa kupita kiasi sehemu zilizo wazi pande zote mbili. Mwenye kizunguzungu cha urefu amweleze mwongozaji kabla ya usiku huo, si akiwa juu ya ukingo.

Kwa nini mlima umebomoka upande mmoja?

Meru ni volkeno, na zamani ulikuwa mrefu kuliko ulivyo sasa. Maelfu ya miaka iliyopita upande wake wa mashariki uliporomoka, na maporomoko makubwa ya mawe na matope yakasambaa kuelekea iliko Kilimanjaro. Kreta iliyobaki ina umbo la kiatu cha farasi kinachotazama mashariki, na ukuta wake wa ndani una kimo cha karibu mita 1,500. Vilima vidogo na maziwa ya Momella, ambako heroe hukusanyika, vilitokana na mabaki hayo ya maporomoko. Koni ya majivu iliyo katikati ilijengwa baadaye na milipuko midogo, na mara ya mwisho mlima huu kutoa majivu ilikuwa mwaka 1910. Mpandaji hutembea basi juu ya mdomo wa kitu kilichovunjika, na ndiyo maana njia ya kilele ni ukingo mwembamba na si mgongo mpana.

Ugonjwa wa mwinuko ni hatari kiasi gani hapa?

Ni hatari ya kutosha kuzingatiwa, ingawa watu huidharau kwa sababu Meru ni mfupi kuliko Kilimanjaro. Kwenye mita 4,500 shinikizo la hewa hubaki kama asilimia 57 ya lile la pwani. Oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, lakini kila pumzi huingiza kiasi kidogo zaidi, na mwili huhitaji siku kadhaa kujirekebisha. Anayetoka Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar ataihisi tofauti hiyo mapema kuliko mkazi wa Arusha, anayeishi tayari kwenye mita 1,400 hivi. Kwa wageni wa pwani ni busara kulala Arusha usiku mmoja au miwili kabla ya kuanza.

Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na usingizi wa kukatikakatika ni dalili za kawaida, na mara nyingi hutulia kwa kupumzika, kunywa maji na kutopanda zaidi. Dalili zisizovumilika ni kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida hata ukiwa umekaa, au kikohozi chenye povu. Mwenye dalili hizo hushushwa mara moja, usiku huohuo, bila kusubiri kukuche na bila kujadili fedha iliyolipwa. Dawa ya asetazolamaidi huwasaidia baadhi ya watu, lakini itumike kwa ushauri wa daktari, hasa kwa mwenye ugonjwa wa figo au mzio wa dawa za salfa. Na dawa za kutuliza maumivu zisitumike kuficha dalili ili mtu aendelee kupanda. Kosa hilo hufanywa kimya kimya, na mwongozaji hulijua baadaye.

Msimu gani unafaa?

Juni hadi Oktoba, na tena Desemba mwishoni hadi Februari. Masika ya Machi hadi Mei huugeuza msitu kuwa tope, na mvua za vuli za Novemba huleta ukungu wa kudumu. Juni na Julai anga ni zuri lakini baridi ya kileleni huuma. Januari na Februari kuna joto kidogo zaidi na watu wachache. Anayeweza kuchagua tarehe achague usiku ulio karibu na mbalamwezi, kwa kuwa ukingo ukiangazwa na mwezi hauhitaji tochi sana, na hofu hupungua.

Nivae na kubeba nini?

Halijoto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo usiku wa nyuzi 14 mjini Arusha huwa chini ya sifuri kileleni, kabla ya kuhesabu upepo. Kosa la kawaida ni fulana ya pamba. Ikilowa jasho kwenye kipande cha kwanza cha usiku haikauki, na mtu akisimama Rhino Point hutetemeka hadi asubuhi. Nguo ya ndani iwe ya sufu au ya kitambaa kinachokauka haraka, juu yake sweta nzito, na juu kabisa koti linalozuia upepo na mvua. Boshori, glavu, na soksi nene za akiba si anasa. Tochi ya kichwani yenye betri mpya ni lazima, na betri za akiba zikae mfukoni karibu na mwili, kwa kuwa baridi huzimaliza upesi. Hali kadhalika simu.

Viatu viwe vimeshazoeana na miguu yako. Kununua viatu vipya mnadani au dukani wiki moja kabla ya safari ni kujinunulia malengelenge. Fimbo mbili za kutembelea ni msaada mkubwa wakati wa kushuka, ila zifungwe kwenye begi mnapofika kwenye bamba la mwamba. Mfuko wa kulalia uwe wa baridi kali, kwani vibandani hutolewa kitanda na godoro tu.

Maji ya mlimani yananyweka?

Yachemshwe au yatiwe dawa, kama maji ya mto wowote. Lakini kuna jambo la pekee kuhusu Meru ambalo wageni huliuliza wakiona meno ya kahawia ya baadhi ya wenyeji: miamba ya volkeno hii hutoa madini mengi ya floraidi, na mito na visima vya pande za Maji ya Chai, Ngare Nanyuki na Momella vina kiwango kikubwa kupita kinachofaa kunywewa miaka mingi. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Huko Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuiondoa, ambacho kimejulikana kwa kutumia mkaa wa mifupa. Kwa mtu atakayekunywa maji hayo siku nne hakuna cha kuogopa. Ni wakazi, hasa watoto wenye meno yanayoota, wanaobeba mzigo huo. Siku ya kilele beba lita mbili hadi tatu na uifunike chupa kwa soksi, kwani mrija mwembamba wa begi la maji huganda.

Chakula na malazi vikoje?

Miriakamba na Saddle kuna vibanda vya mbao vyenye vitanda vya ghorofa, sehemu ya kulia na vyoo. Hakuna duka. Wapishi hubeba kila kitu kutoka chini, na mtori wa moto jioni ya Saddle ni chakula kinachopita kooni hata pale wali unapokataa. Karanga, kashata na ndizi mbivu zikae mfukoni usiku wa kilele.

Gharama zinakuwaje?

Ada hutozwa na TANAPA kwa kila mtu na kwa kila siku, pamoja na ada za kulala kibandani, za uokoaji na za askari, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani. Raia wa Tanzania na wa nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo mno kikilinganishwa na dola wanazotozwa wageni, ila lazima waonyeshe kitambulisho au pasipoti langoni. Fedha taslimu hazipokelewi, hivyo malipo hufanywa kwa kadi au kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali. Viwango hubadilika, kwa hiyo vipatikane TANAPA wenyewe karibu na tarehe ya safari, wala visichukuliwe kutoka kwa rafiki aliyepanda miaka mitatu iliyopita.

Ukiona kampuni inauza safari kwa bei inayokaribiana na jumla ya ada hizo, jiulize mpishi na wapagazi watalipwa na nani. Mara nyingi jibu ni kwamba watalipwa na wewe, kwa njia ya bahasha ya mwisho.

Wapagazi wapewe nini?

Kifuta jasho si sehemu ya mshahara, na hupangwa kwa makubaliano ya kundi kabla ya siku ya mwisho. Mpe kila mtu chake mkononi mwake, mbele ya wenzake. Mzigo upimwe kwa mizani langoni, na vitu vyako visivyo vya lazima vibaki hotelini. Kumwamkia mzee anayekupita akiwa na mzigo kichwani, na kumpisha njia, ni adabu inayojulikana nyumbani na isiyopaswa kusahaulika mlimani.

Je, Meru ni mazoezi ya Kilimanjaro?

Hutumiwa hivyo, na unasaidia kweli, kwa kuwa anayetoka Meru huanza Kilimanjaro mwili ukiwa umeshazoea hewa nyepesi. Lakini kuuita mazoezi ni kutoutendea haki. Usiku wa kilele wa Meru una miamba na ukingo ambao njia za kawaida za Kilimanjaro hazina, na wapo waliofika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, bila shida wakashindwa hapa.

Sitaki kufika kileleni. Kuna safari fupi?

Ipo. Unaweza kutembea kwa siku moja na askari kutoka Momella hadi kwenye tao la mti, au hadi sakafu ya kreta, na kurudi jioni. Kwa familia yenye watoto hii ndiyo safari ninayoipendekeza. Mwingine anaweza kulala Miriakamba, kupanda Meru Ndogo siku ya pili, na kushuka bila kugusa ukingo kabisa.

Wenyeji wa mlima ni akina nani?

Miteremko ya mashariki na kusini ni ya Wameru, wanaojiita Varwa, na upande wa magharibi ni Waarusha. Wapagazi na waongozaji wengi utakaokutana nao wametoka vijiji hivi. Eneo unaloanzia safari lina historia nzito. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wa Ngare Nanyuki, jirani na Momella, ili ardhi yao wapewe walowezi, na mwaka 1952 mwakilishi wao, Kirilo Japhet, alisafiri hadi New York kuwasilisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa wakati huo, lakini safari yake ilizungumzwa Tanganyika nzima. Waulize waongozaji wenye umri; baadhi wana babu na bibi waliokuwapo.

Simu hushika?

Mahali pengine, hasa penye uwazi wa kuelekea Arusha. Usiitegemee.

Taka?

Kilichopanda kishuke. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na langoni mizigo hukaguliwa. Karatasi za chooni zisiachwe nyuma ya mawe ya Rhino Point, mahali ambapo, kwa bahati mbaya, wengi wameshaziacha.

Cheti hutolewa wapi?

Kwenye Lango la Momella, baada ya askari kuthibitisha umefika wapi. Kuna cha Meru Ndogo na kuna cha Kilele cha Ujamaa. Andika jina lako kwa herufi kubwa zinazosomeka kwenye kitabu cha kujisajili siku ya kwanza, kwa sababu litanakiliwa kama lilivyo.